Umeme Ndani ya Kuta Zetu (6): Nyaya za Kale za Brooklyn Center

Nafuu ya kodi ambayo serikali kuu ya Marekani iliwapa wenye nyumba wanaobadilisha boksi kuu la umeme imefikia ukomo wake. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliamua kwamba kazi yoyote itakayokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025 haitahesabiwa tena. Kabla ya hapo, mtu aliyeweka boksi la ampea 200 au zaidi, pamoja na mtambo mwingine unaokubalika wa kupasha nyumba joto au kuipoza, aliweza kupunguziwa asilimia 30 ya gharama ya boksi hilo, ilimradi isizidi dola 600. Tangu nafuu hiyo iondolewe nimekuwa nikiulizwa na jamaa zetu wa Brooklyn Center na Brooklyn Park hapa Minnesota: sasa kuna faida gani kugusa nyaya za nyumba ikiwa taa bado zinawaka?

Jibu langu ni kwamba faida haikuwahi kuwa zile dola 600. Faida ni watoto kulala chini ya dari ambayo haifuki moshi ndani kwa ndani. Sehemu tano zilizotangulia zilieleza volti, ampea na wati, zikaeleza mita, na zikafuata waya kutoka kwenye nguzo hadi ukutani. Sitayarudia hayo. Leo tunaingia ndani ya ukuta wenyewe. Hata hivyo huwezi kuelewa kwa nini ukuta wa nyumba ya mwaka 1955 una nyaya za namna ile bila kujua umeme ulivyoingia duniani, na kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi kando ya mto Mississippi, habari hiyo ina mambo mawili makubwa ambayo watoto wetu hawafundishwi. Moja lilitokea hapa, karibu na milango yetu. La pili lilitokea Unguja.

La hapa kwanza. Ukitoka Brooklyn Center ukafuata ukingo wa mto kwenda kusini, unafika katikati ya Minneapolis penye maporomoko ya Mtakatifu Anthony. Wadakota, wenyeji wa nchi hii, waliyaita Owámniyomni, na kwao palikuwa mahali patakatifu kabla padri Louis Hennepin hajapita mwaka 1680 na kupabandika jina la Kikristo. Wilaya yetu ya Hennepin imepewa jina la padri huyo. Maporomoko hayo yalisaga ngano ya dunia. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa kiitwacho Washburn A kililipuka kwa vumbi la unga na kuua watu 18, na ni baada ya mazishi ndipo wenye vinu walipoweka kwa bidii mitambo ya kunyonya vumbi. Mkumbuke mfuatano huo, msiba kwanza na tahadhari baadaye, kwa sababu ndio utakaotawala makala hii yote.

Miaka minne baadaye, tarehe 5 Septemba 1882, kampuni ya Minnesota Brush Electric iliwasha umeme uliozalishwa kwa nguvu ya maji ya maporomoko hayohayo, katika kisiwa kidogo kilichoitwa Upton. Vitabu vingi vya shule vya Marekani humpa Thomas Edison sifa yote, kwa sababu kituo chake cha mtaa wa Pearl, New York, kilianza tarehe 4 Septemba 1882. Lakini kile cha New York kiliendeshwa kwa makaa ya mawe. Kituo cha Minneapolis kiliwashwa siku moja tu baadaye kwa nguvu ya maji, na kiliutangulia kwa siku 25 ule mtambo maarufu wa Appleton, Wisconsin, ambao hutajwa kila mara kuwa wa kwanza. Naliona jambo hili kuwa dhuluma ya historia, na nimelisema mbele ya kila darasa lililonivumilia. Mto huu tunaouvuka kila siku kwenda kazini ni miongoni mwa mito ya kwanza kabisa kutoa umeme wa maji unaouzwa kwa wateja wa mji.

Ulimulika nini? Maduka na baa za barabara ya Washington. Mwaka 1883 mji ukasimamisha mlingoti wa futi 257 penye uwanja wa Bridge Square, juu yake taa kali za mwali, zile ambazo mwanga wake ni cheche inayoruka baina ya vijiti viwili vya kaboni. Watu walitoka mashambani kuja kuutazama. Taa hizo hazikufaa sebuleni. Zilikuwa kali, zilivuma, na zilimwaga vipande vya moto. Kwa hiyo nyumba za watu wa kawaida zilibaki na mafuta ya taa kwa miaka mingi.

Sasa twende Unguja. Seyyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, naye alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Kumbukumbu za shirika la umeme la Kenya lenyewe zinaanzia kwake: zinasema mwaka 1875 alijipatia jenereta ya kumulika kasri lake na mitaa ya jirani. Balbu ya Edison ilitokea mwaka 1879, kwa hiyo nuru ya kasri hilo mwanzoni ilikuwa ya jamii ileile ya taa za mwali zilizokuja kupandishwa kwenye mlingoti wa Minneapolis. Kisha, mwaka 1883, mwaka uleule wa mlingoti, akajenga Beit al-Ajaib, jumba linalosimuliwa kuwa la kwanza Unguja kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka na watu wawili wakafa. Nililia siku hiyo, na sioni aibu kuliandika.

Uhusiano baina ya Unguja na Marekani haukuishia kwenye nguo za merikani na pembe za ndovu. Kampuni ya New York iliyonunua pembe nyingi Unguja, Arnold, Cheney & Co., ndiyo iliyojenga reli ya Bububu mwaka 1905, yenye urefu wa maili 7 hivi, na umeme wa mji nao ukaletwa kwa mkono wa kampuni hiyohiyo. Fikiria jambo hilo. Wakulima wengi wa Minnesota walikuwa bado wanakamua ng'ombe kwa taa ya chemni, kwa sababu hata ilipofika 1935, Rais Roosevelt alipounda wakala wa umeme vijijini, kiasi cha mashamba tisa katika kila kumi ya Marekani hayakuwa na umeme. Lakini Shangani na Forodhani, mitaa ya Unguja, palikuwa pakiwaka.

Jenereta ya Barghash nayo ilisafiri. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na hapo ikaanzishwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kuuza umeme Nairobi, na mwaka huohuo Wajerumani wakaanzisha umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Miji mitatu, mwaka mmoja! Kampuni za Mombasa na Nairobi ziliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, na kampuni hiyo ikaja kununua hisa kubwa za TANESCO mwaka 1932. Mtu anayelipa bili Kisauni au kununua LUKU Tanga ni mrithi wa mtambo wa Barghash, ajue asijue.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Wenzetu wengi hufika Marekani wakiamini kwamba umeme ni elimu ya wengine, jambo ambalo wao kazi yao ni kubonyeza swichi tu na kulipa. Si kweli. Tumekuwa na umeme kwa muda uleule ambao Minneapolis imekuwa nao. Tulichochelewa ni kitu kingine, nacho ni ukaguzi. Kasri lilimulikwa, karakana zikamulikwa, mtaa wa wakubwa ukamulikwa, lakini fundi aliyepitisha waya juu ya boriti za nyumba ya kawaida hakuwa na mtu wa kumwuliza amefungaje. Mpaka leo gazeti la Dar au Mombasa haliishi habari ya nyumba iliyoteketea, na sentensi ya mwisho ni ileile: chanzo ni hitilafu ya umeme. Hitilafu haina miguu. Kuna mtu aliyeifunga ndani ya ukuta akachukua pesa yake akaenda.

Marekani nao walipitia hayohayo. Maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 yalimulikwa kwa umeme wa mkondo geu wa Westinghouse, kwa balbu zisizo na idadi, katika majumba yaliyojengwa harakaharaka kwa mbao na plasta. Kampuni za bima ziliogopa. Zikamtuma kijana wa miaka 25, fundi umeme kutoka Boston aitwaye William Henry Merrill, aende akakague. Merrill aliona kitu ambacho matajiri wa umeme hawakutaka kukiona: kila muuzaji wa waya husema waya wake ni salama, wala hakuna mtu asiyekula faida ya waya huo anayeujaribu. Mwaka 1894 akaanzisha maabara yake Chicago kwa vifaa vya dola 350. Maabara hiyo ndiyo mama wa alama ya herufi UL ndani ya duara, ile unayoiona leo nyuma ya vifaa vingi vya umeme nchini humu. Mwaka 1895 Marekani ilikuwa na kanuni tano tofauti za nyaya, kila kundi na yake. Machi 1896 watu 23 walikutana New York, wakazilinganisha, wakawatumia rasimu wataalamu kiasi cha 1,200 wa Marekani na Ulaya waitoe kasoro, na mwaka 1897 kanuni moja ya taifa ikachapishwa. Inarekebishwa kila baada ya miaka mitatu mpaka leo. Minnesota ilianza kufuata toleo la 2023 tarehe 1 Julai mwaka huo.

Sijui kitabu kingine cha kidunia kilichookoa watu wengi kwa ukimya kiasi hicho. Kila kifungu chake kina kaburi nyuma yake.

Chukua kifungu cha soketi za bafuni na jikoni, zile zenye vitufe viwili vidogo katikati. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miaka kupima ni mkondo kiasi gani unaomfanya binadamu ashindwe kuachia waya. Aligundua kwamba kinachoua ni kidogo mno kuliko kinachochoma fyuzi. Fyuzi ya ampea 15 itakutazama ukifa, kwa sababu mwili wako hauvuti hata sehemu ya kumi ya ampea hizo. Mwaka 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kiasi cha miliampea 5 tu, maana yake kuna mahali unavujia, pengine kifuani mwa mtu, nacho hukata mara moja. Kanuni ilianza kukidai kwenye mabwawa ya kuogelea, kisha nje ya nyumba, na bafuni mwaka 1975. Nyumba ya mwaka 1955 ambayo haijaguswa haina kifaa hicho popote.

Hapa niseme neno la haki kuhusu soketi zetu za nyumbani, zile za matundu matatu ya bapa tulizorithi kwa Waingereza. Zilisanifiwa mwaka 1947, wakati Uingereza imetoka vitani na shaba ni adimu, na ndani yake mna hekima ambayo Marekani iliifikia kwa kuchelewa. Kila plagi ina fyuzi yake. Matundu mawili ya chini yana vifuniko vya ndani ambavyo hufunguka tu pini ndefu ya ethi, yaani ya waya wa ardhini, ikishaingia tundu la juu, ili mtoto asiweze kuchomeka msumari. Kanuni ya Marekani ilidai soketi zenye vifuniko vya namna hiyo majumbani mwaka 2008 tu. Nasi tumefanya nini na hekima hiyo? Tumechukua kalamu, tukaisukuma tundu la juu, vifuniko vikafunguka, tukachomeka plagi ya pini mbili ya redio. Karibu kila nyumba niliyoingia kutoka Majengo hadi Kariakoo ina kalamu ya kazi hiyo. Tunawafundisha watoto kuvunja kinga mbele ya macho yao, na tabia hiyo tumeipandisha ndege tukaja nayo.

Maana hapa umeme una hatari yake tofauti, na ni lazima mgeni aielewe kwa hesabu. Kwetu volti ni 240 au 230. Huku soketi ya kawaida ni volti 120, urithi wa taa za Edison. Watu husikia 120 wakadhani ni umeme mpole. Birika la wati 1,500 huko Kenya linavuta kama ampea 6 na robo. Birika la wati hizohizo Brooklyn Center linavuta ampea 12 na nusu. Mkondo umezidi mara mbili, na kwa kuwa joto ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya uleule utapata joto mara nne. Sakiti ya kawaida ya chumba hapa ni ya ampea 15, yaani wati 1,800 basi. Hita ndogo ya miguu ni wati 1,500. Ukiiwasha usiku wa Januari, nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, na mwenzako katika chumba cha pili kilicho kwenye sakiti hiyohiyo akawasha birika, mmefika ampea 25 kwenye waya uliofanyiwa ampea 15.

Breka nzima itakata. Fyuzi halisi itaungua. Lakini boksi la zamani la fyuzi za kukaza kwa mkono huruhusu mtu kutoa fyuzi ya 15 akaweka ya 30, na umeme haukatiki tena. Wamarekani wa zamani walikuwa na uovu mbaya zaidi: waliweka senti ya shaba nyuma ya fyuzi iliyoungua. Mafundi wa kwetu huweka msumari au nywele za waya wa kawaida. Ni dhambi moja kwa lugha mbili. Waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi, nao umelala juu ya mbao kavu za miaka 70.

Nyumba zenyewe sasa. Brooklyn Center ilikuwa mashamba ya mboga na viazi. Ilipewa hadhi ya kijiji mwaka 1911 na ya mji mwaka 1966. Nyumba zake nyingi zilijengwa kwa wingi baada ya vita, miaka ya 1950 na 1960, kwa ajili ya familia za askari waliorudi na wafanyakazi waliotaka uwanja mdogo na gereji. Duka kubwa la Brookdale likafunguliwa mwaka 1962. Ni nyumba njema, imara, na kwa bei ni miongoni mwa chache ambazo muuguzi msaidizi kutoka Kisii au dereva kutoka Mwanza anaweza kuzinunua. Ndiyo maana tuko hapa, pamoja na majirani zetu Waliberia na Wahmong. Lakini zilipangwa kwa friji moja, redio, televisheni na pasi. Boksi la ampea 60 lilitosha. Soketi moja au mbili kwa chumba zilitosha, za matundu mawili, bila ethi, kwa sababu kanuni ilianza kudai soketi za ethi nyumba nzima mwaka 1962.

Sisi tumeingiza humo friza la nyama ya mbuzi kwenye gereji, mashine ya kukaushia nguo, maikrowevu, viyoyozi vya dirishani, na wageni wa kudumu katika chumba cha chini ya ardhi. Wenzetu wengine wanaendesha nyumba za kulea wazee na watu wenye ulemavu, na pale kuna mashine ya oksijeni inayofanya kazi usiku kucha. Umeme wa kuyatosheleza hayo unavutwa kwa ekstensheni iliyopita chini ya zulia.

Nyumba za mwisho wa miaka ya 1960 zina jambo la ziada. Shaba ilipopanda bei, kati ya 1965 na 1973 hivi, wajenzi walitumia nyaya za alumini. Alumini hutanuka na kusinyaa kuliko shaba, hufanya ukoko usiopitisha umeme, na baada ya miaka skrubu ya soketi hulegea na kuanza kuwaka kidogokidogo. Baada ya moto ulioua watu wawili Hampton Bays, New York, mwaka 1974, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilifanya uchunguzi, ikaeleza kwamba nyumba zenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia joto la hatari kuliko zile za shaba.

Tena kuna maboksi yaliyoandikwa Federal Pacific, ya aina ya Stab-Lok, yaliyouzwa kwa mamilioni tangu miaka ya 1950. Breka zake zina sifa mbaya ya kukataa kukata zinapozidiwa. Kampuni ya Reliance Electric, iliyoinunua Federal Pacific mwaka 1979, ilitangaza mwaka 1980 kwamba alama ya maabara ya UL ilipatikana kwa majaribio yaliyofanyiwa hila. Alama ya Merrill ilighushiwa! Kila nikiliona boksi hilo katika nyumba ya jamaa, hasira hunipanda upya.

Kazi ya kufanya inajulikana, na haihitaji maneno mengi. Boksi la fyuzi au la Stab-Lok liondolewe, liwekwe la breka la ampea 100 au 200 kulingana na hesabu ya matumizi. Soketi za jikoni, bafuni, gereji na nje zipate kinga ya Dalziel. Breka za vyumba zitakazowekwa ziwe zile zinazotambua cheche, ambazo kanuni ilianza kuzidai vyumbani mwa kulala mwaka 2002. Soketi ya matundu mawili isibadilishwe kuwa ya matatu kwa kudanganya jicho. Waya wa ethi uvutwe, au pale usipowezekana ipewe kinga inayoruhusiwa na ibandikwe maandishi kwamba haina ethi. Viungo vya alumini vishughulikiwe na fundi aliyesomea viunganishi vyake maalumu.

Yote hayo yawe na kibali. Hapa ndipo ninapogombana na watu wangu. Minnesota humruhusu mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe kufunga nyaya zake kwa mikono yake, mradi achukue kibali na mkaguzi aje kabla ukuta haujafunikwa na tena kazi ikiisha. Nyumba ya kupangisha hairuhusiwi hivyo. Lazima kazi ifanywe na kontrakta mwenye leseni ya jimbo, na mji wa Brooklyn Center nao hutaka kila nyumba ya kupangisha iwe na leseni yake. Lakini tunachofanya sisi ni kumwita kijana wa jamaa, aliyewahi kufanya wayaringi Eldoret au Morogoro, aje Jumamosi kwa malipo ya mkononi. Pengine ni fundi hodari. Huko alikozoea, waya wa kijani na njano ni ethi, na umeme ni waya mmoja wa moto na mmoja wa kurudi. Hapa boksi lina nyaya mbili za moto zenye volti 240 baina yao, waya mweupe ni wa kurudi, na kosa la kulegea kwa huo mweupe pekee huweza kuunguza vifaa vingi vya nyumba. Tena akimaliza, plasta inapakwa, nyumba inauzwa miaka mitano baadaye kwa familia nyingine yenye watoto, nao wanarithi alichokificha. Huko ni kuvunja amana. Kuita kwetu jambo hilo kusaidiana hakulibadilishi.

Vijana hao wana njia ya heshima. Leseni ya fundi Minnesota hupatikana kwa miaka minne ya kufanya kazi chini ya msimamizi na kufaulu mtihani, na chama cha mafundi umeme, IBEW tawi la 292 la Minneapolis, huwafunza wanagenzi huku wakilipwa mshahara. Tumewaelekeza watoto wetu wote kwenye uuguzi hadi imekuwa kama sheria ya ukoo. Wauguzi ni fahari yetu, lakini jamii ya maelfu ya nyumba isiyo na mafundi wake wenye leseni itabaki kuwalipa wengine, au kujificha.

Kuhusu pesa, nafuu ya serikali kuu imekwisha, lakini bunge la Minnesota lilipitisha mwaka 2023 mpango wa ruzuku ya kubadilisha maboksi ya umeme kwa kaya za kipato cha chini na cha kati, chini ya Idara ya Biashara ya jimbo. Pigeni simu huko kabla ya kusaini mkataba wowote, na muulize pia kampuni inayowauzia umeme ina punguzo gani.

Wiki hii, ndugu msomaji, shuka chini ya nyumba ukaangalie boksi lako bila kufungua skrubu hata moja. Ukikuta fyuzi za kioo, ukikuta jina la Federal Pacific, ukinusa harufu ya plastiki iliyoungua au ukiona soketi yenye rangi ya kahawia pembezoni, mwite kontrakta mwenye leseni na umwulize, kabla hujamlipa, namba ya kibali atakachochukua. Asiyetaka kuitaja, mwambie aende. Sehemu ya 7, Inshallah, itahusu waya wa ethi.